Doa la Kulia, Kifafa cha Kushoto: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kisumu

Kijana aliyeletwa kwenye kliniki yetu mjini Kisumu alikuwa na umri wa miaka 24, fundi wa kuchomelea vyuma, na kwapani alibana bahasha kubwa ya filamu za skani. Nitamwita Ouma, jina ambalo si lake. Aliandamana na mama yake na baba yake mdogo, na kabla hatujauliza lolote, baba mdogo alichomoa filamu moja, akaielekeza dirishani penye mwanga, akaweka kidole juu ya doa jeupe lisilozidi punje ya mtama. "Daktari, ugonjwa wenyewe ni huu hapa," alisema. "Tumeambiwa ni minyoo ya nguruwe. Tulichokuja kuuliza ni kama inatoka kwa dawa au kwa kisu."

Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya doa hilo. Lilikuwa la kweli, lilisomwa sawasawa, na mtaalamu wa radiolojia aliyeliandikia ripoti hakukosea hata neno moja. Hata hivyo, kwa muda wa miaka miwili lilimshika mgonjwa mkono na kumpitisha njia isiyo yake.

Tuliirudisha filamu kwenye bahasha, tukaiweka bahasha chini ya meza, kisha tukamwomba mama aanze mwanzo. Kifafa hutambuliwa kwa masimulizi kabla ya kutambuliwa kwa mashine yoyote, na msimulizi bora mara nyingi si mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa yeye huwa hayupo kwa maana ya kuwapo tunayoijua. Mama alieleza kwamba Ouma alipokuwa na umri wa miaka miwili alishikwa na malaria kali, akapatwa na degedege. Tulipomuuliza degedege hilo lilichukua muda gani, hakutaja dakika. Alisema, "Nilimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi zahanati, na tulipofika bado alikuwa anatetemeka." Nyumbani kwao ni maeneo ya Ahero, kwenye mashamba ya mpunga, na kutoka boma lao hadi zahanati ni mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa mtu mwenye haraka. Degedege la kawaida la homa huisha lenyewe katika dakika chache. Linalopita nusu saa ni jambo jingine kabisa, na linaweza kuacha jeraha ndani ya ubongo hata kama mtoto ataamka, ataomba uji na kuonekana mzima.

Ouma alionekana mzima kwa miaka kumi na miwili. Alipofika darasa la nane akaanza "kuganda", kama mama alivyolitaja jambo hilo: kalamu inamponyoka, macho yanakodoa, kinywa kinatafunatafuna kama mtu anayekula njugu, kisha baada ya dakika moja au mbili anarudi na kuuliza mwalimu amefika wapi. Mwalimu mmoja aliona ni kiburi, akamwadhibu. Kanisani aliombewa. Hakuna aliyefikiri kwamba hicho ni kifafa, kwa sababu katika fikra za wengi wetu kifafa ni kuanguka na kutoa povu, na Ouma alikuwa haanguki. Alianguka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 22, kwenye kibanda cha kazi, na mkono wake ukaangukia chuma kilichokuwa bado cha moto. Kovu analo.

Kilichotusaidia zaidi siku hiyo ya kwanza hakikuwa ndani ya bahasha. Mwanafunzi wake wa kazi, kijana mdogo mwenye akili ya haraka, alikuwa amemrekodi kwa simu. Video ilikuwa ya chini ya dakika mbili. Ouma anaacha kuzungumza, anagusa tumbo kwa kiganja, anatazama mbali. Midomo inaanza kutafuna. Mkono wa kushoto unapapasa vifungo vya ovaroli, unafungua na kufunga pasipo na sababu, ilhali mkono wa kulia umekakamaa, kiwiko kimejikunja na vidole vimepinda. Baadaye macho yanarudi, anamtambua mwenzake na kumwangalia, lakini anapoulizwa jina lake hawezi kulitamka, na inapita takriban dakika moja ya kugugumia kabla maneno hayajarudi.

Mambo manne katika video hiyo yana ramani yake. Hisia inayopanda kutoka tumboni kuelekea kooni, ambayo Ouma mwenyewe aliithibitisha na kuifananisha na ile mtu anayoipata matatu inaposhuka mteremko kwa kasi, ni mwanzo unaojulikana sana wa kifafa kinachotokea katika sehemu ya ubongo iliyo ndani ya panja. Kutafuna na kupapasa huelekeza huko huko. Mkono unaokakamaa huwa ni wa upande ulio kinyume na chanzo, kwa sababu kila nusu ya ubongo huongoza nusu nyingine ya mwili, na mkono unaoendelea kupapasa huwa ni wa upande wa chanzo chenyewe. Kupotea kwa maneno baada ya mshtuko, yaani tukio lenyewe la kifafa, huashiria upande wenye lugha, ambao kwa watu wengi ni wa kushoto. Kabla ya kufungua bahasha, basi, tulikuwa na dhana moja: panja la kushoto.

Doa la mtama lilikuwa kulia, sehemu ya juu nyuma ya kichwa. (Kwenye filamu lilionekana kushoto, kwa kuwa picha hizi huwekwa kana kwamba mtazamaji amesimama miguuni pa mgonjwa, na baba mdogo alikuwa ameshangaa kwa nini ripoti na kidole chake havipatani.) Kama doa hilo ndilo lingekuwa linawasha kifafa, tungetegemea kusikia habari za ganzi au kuchomachoma upande wa kushoto wa mwili. Ouma hakuwahi kuhisi kitu cha namna hiyo.

Sipendi kuwalaumu walioagiza skani ya CT, yaani picha za vipande vya kichwa zinazopigwa kwa eksirei, maana ilikuwa hatua sahihi. Mtu mzima anapoanguka kifafa kwa mara ya kwanza, tena katika eneo ambako virusi vya UKIMWI, kifua kikuu na majeraha ya kichwa ya ajali za bodaboda ni mambo ya kila wiki, CT hufanyika kwa dakika chache na huonyesha damu iliyovuja, uvimbe mkubwa, maji yaliyojaa au jipu, yaani vitu ambavyo haviwezi kungoja. Ouma alipimwa virusi pia, hakuwa navyo. CT haikuona lolote la kutisha, ila ikaona chokaa, yaani lile doa jeupe, na kuona chokaa ndiyo kazi inayoifanya kuliko hata MRI, skani inayotumia sumaku. Kilichokosekana ni swali la pili: je, kilichoonekana kinafanana na kinachompata mgonjwa?

Badala ya swali hilo yakaja maelezo ya haraka. Doa la namna hii katika Kenya ya magharibi mara nyingi ni kaburi la buu la tegu wa nguruwe, na kwa kweli kuanzia Busia hadi Homa Bay nguruwe wengi bado huzurura wakijitafutia chakula, hivyo dhana yenyewe haikuwa ya ajabu. Lakini familia hii ni ya Wasabato. Mama alitueleza kwa sauti ya chini kwamba tangu ripoti hiyo isomwe, kuna watu kanisani waliokuwa wakijiuliza kijana alikuwa anakula wapi na anakula nini. Ilibidi tusimame hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyokuwa nimepanga. Anayekula nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri yenye mabuu hupata tegu wa tumboni, na huyo hutoa mayai kwenye kinyesi chake. Anayepata mabuu kichwani ni yule aliyemeza mayai hayo, kupitia maji, mikono isiyonawiwa au sukuma wiki iliyooshwa kwa maji ya mtaro, na mtu huyo anaweza kuwa hajawahi kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake. Mama alinyamaza, kisha akaniomba nimweleze tena mbele ya shemeji yake, naye baba mdogo akaitikia kwa kichwa na kusema atalifikisha linakotakiwa kufika.

Jambo la pili kuhusu doa ni kwamba buu lililogeuka chokaa limekwisha kufa. Dawa ya albendazoli huua mabuu yaliyo hai, na hutolewa pamoja na dawa za kupunguza uvimbe kwa sababu mabuu yanapokufa ubongo unaozunguka huvimba. Ouma alikuwa amepewa albendazoli kwa wiki mbili kwa ajili ya kitu kisichokuwa na uhai wa kuondolewa. Pamoja nayo alipewa fenobabitoni, iliyopunguza kuanguka lakini ikamfanya asinzie kazini, na kule kuganda kukaendelea kama kawaida.

Kipimo cha umeme wa ubongo, EEG, alikuwa amefanyiwa mara moja na kikatoka safi. Hilo pia lilikuwa limewachanganya, kwani waliambiwa kwamba kama EEG ni safi basi huenda hana kifafa. EEG ya kawaida husikiliza ubongo kwa takriban nusu saa tu, na ubongo wenye kifafa hautoi alama zake kila saa. Karibu nusu ya watu wenye kifafa hawaonyeshi kitu katika kipimo cha kwanza. Tuliirudia asubuhi baada ya usiku wa kukesha, mama akikaa naye na chai ya rangi hadi mapambazuko, na alipopitiwa na usingizi akiwa amevishwa nyaya, vichomo vya umeme vilijitokeza juu ya panja la kushoto.

Sasa tulikuwa na masimulizi, video na umeme, na vyote vilielekea upande mmoja. MRI ilikuwa imekwisha kufanyika pia, mwaka uliotangulia, na ripoti yake ilisema ubongo hauna kasoro. Hapa ndipo nadhani kisa hiki kina jambo la kuwafaa wengine, kwa hiyo nitakaa hapo.

Fomu ya maombi ya MRI ile ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: "Kifafa. Kichwa." Kituo kilifanya kile kinachofanywa kwa kila kichwa, awe ni mtu mwenye maumivu ya kichwa au kizunguzungu: vipande vya unene wa milimita tano, vilivyokatwa sambamba na sakafu ya fuvu, na pengo dogo kati ya kipande na kipande. Sehemu tuliyokuwa tunaishuku ni hipokampasi, mkunjo wa ubongo mwembamba kama kidole, uliojilaza ndani kabisa ya panja kutoka mbele kwenda nyuma. Ukiikata kwa vipande vinene vinavyofuata urefu wake utapata michirizi miwili au mitatu ya kijivu, na hata jicho la bingwa halitaona kwamba mmoja umesinyaa. Ni kama kukagua unene wa muwa kwa kuupasua kwa urefu. Muwa hukatwa pingili, na hipokampasi nayo hukatwa hivyo, kwa vipande vyembamba vinavyosimama wima dhidi ya urefu wake, ili ya kulia na ya kushoto zionekane kwa pamoja na kulinganishwa.

Chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa, ILAE, kilichapisha mwaka 2019 mapendekezo ya picha tatu ambazo kila mgonjwa wa kifafa anayefanyiwa MRI anastahili: picha nzima ya ubongo yenye vipande vya milimita moja inayoonyesha umbo, nyingine ya namna hiyo ambayo ung'avu wa maji ya ubongo umezimwa ili kovu ling'ae, na ya tatu ni hiyo ya kukata hipokampasi pingili. Hazihitaji mashine ya ajabu. Mashine yenye sumaku ya nguvu ya Tesla 1.5 inaweza kuzifanya, ingawa ya Tesla 3 huzifanya kwa uwazi zaidi. Kinachohitajika ni mtu wa kuziomba na mtu anayejua anatafuta nini. Madaktari wa Bonn, Ujerumani, walichapisha mwaka 2002 takwimu ambazo huwa nazikumbuka kila ninaposhika fomu: MRI ya kawaida ikisomwa na wasio wabobezi wa kifafa iligundua asilimia 39 ya kasoro zilizokuwepo, picha zile zile zikisomwa na wabobezi zikafika asilimia 50, na MRI iliyopigwa mahsusi kwa kifafa ikasomwa na wabobezi ikafika asilimia 91.

Kuiambia familia inayoishi kwa mpunga kwamba inabidi walipie MRI kwa mara ya pili si jambo dogo. Baba mdogo aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini ile ya kwanza haikufanywa vizuri. Nilimjibu kwamba mashine ilijibu swali iliyoulizwa, na kosa lilikuwa kwenye swali. Sijui kama jibu hilo lilimridhisha. Mimi mwenyewe haliniridhishi. Safari hii fomu ilijazwa hadi nyuma ya karatasi: umri, degedege refu la malaria, hisia ya tumboni, mkono wa kulia kukakamaa, maneno kupotea, EEG ya kushoto, doa la chokaa la kulia linalojulikana, na mwishoni, "tunaomba picha za kifafa, tunashuku hipokampasi ya kushoto." Filamu za zamani ziliambatishwa.

Kabla ya kumlaza, radiografa alimuuliza Ouma anafanya kazi gani. Aliposikia kuchomelea na kusaga vyuma, alisimamisha kila kitu na kumpeleka kupigwa eksirei ya macho. Cheche za jiwe la kusagia hurusha vipande vidogo vya chuma, baadhi huingia jichoni na kukaa huko bila maumivu, na sumaku ya MRI inaweza kukivuta kipande hicho kikalijeruhi jicho kutoka ndani. Macho ya Ouma yalikuwa salama. Mwaka uliotangulia, katika kituo kingine, hakuna aliyemuuliza swali hilo, na katika miji yetu yenye mafundi wa jua kali kila pembe, nashindwa kuelewa linasahaulikaje.

Picha zilipotoka, hakuhitajika mtu wa kushawishiwa. Hipokampasi ya kushoto ilikuwa imesinyaa hadi karibu nusu ya mwenzake, tabaka zake za ndani zimefutika, na kwenye picha iliyozimwa maji iling'aa kwa weupe. Hilo ndilo kovu la hipokampasi, chanzo kinachojulikana zaidi cha kifafa cha panja kwa watu wazima, na historia yake ni ile ile aliyoisimulia mama: degedege refu utotoni, miaka mingi ya ukimya, kisha kuganda kunakoanza katika ujana. Doa la chokaa halikuonekana vizuri kwenye picha nyingi za MRI. Tusingekuwa na CT tusingejua lipo.

Hapa kuna fundo ambalo sitaki kulifungua kwa nguvu. Imeripotiwa katika nchi mbalimbali kwamba watu wenye madoa ya chokaa ya tegu huwa na kovu la hipokampasi kwa kiwango kinachozua maswali, na wapo wataalamu wanaodhani kwamba doa, kwa kuuchokoza ubongo miaka nenda miaka rudi, linaweza kuchangia kovu hilo hata likiwa mbali nalo. Kwa Ouma, degedege la malaria lilitangulia na linatosha kueleza tunachokiona. Siwezi kuapa kwamba doa halina hatia kabisa. Ninachoweza kusema ni kwamba mshtuko uliorekodiwa kwenye simu haukuanzia hapo.

Matibabu yalibadilika. Tulianza kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kwa kiwango kidogo na kuipandisha polepole, huku fenobabitoni ikipunguzwa kwa miezi kadhaa, kwani kuikatisha ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo isiyokoma. Kuanguka kulikoma. Kuganda kulipungua kutoka mara nne au tano kwa wiki hadi mara mbili kwa mwezi, kisha kukagoma hapo. Tuliongeza levetirasetamu. Iwapo nayo haitatosha, Ouma atakuwa ameshindwa kusaidiwa na dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo, na hicho ndicho kipimo cha ILAE cha kifafa sugu. Kwa mgonjwa ambaye picha, umeme na masimulizi vyote vinaonyesha mahali pamoja, upasuaji ni jambo la kuzungumzwa mapema. Katika jaribio lililofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 kwa wagonjwa 80 wa kifafa cha panja, baada ya mwaka mmoja asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji walikuwa hawapati tena mishtuko ya kupoteza fahamu, ilhali kwa walioendelea na dawa pekee walikuwa asilimia 8. Chanzo cha Ouma kiko upande wenye lugha, kwa hiyo kumbukumbu yake ya maneno itabidi ipimwe kwa makini kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Barua ya rufaa kwenda Nairobi imekwisha kuandikwa, na ndani yake zimo picha zote, zikiwemo zile zisizoonyesha kitu.

Ameacha kuchomelea. Mwenye kibanda alimpa kazi ya kuchukua vipimo vya madirisha na kupaka rangi milango ikiwa chini, bila kupanda ngazi, na yule mwanafunzi aliyerekodi video ndiye anayetunza daftari la tarehe. Katika ziara ya mwisho daftari lilikuwa na kuganda kumoja kwa wiki sita, kusikozidi sekunde thelathini. Baba mdogo alikuja na bahasha yake ya zamani, akaichomoa ile filamu ya kwanza na kuuliza kama lile doa sasa limepungua. Nilimwambia liko palepale, ukubwa uleule, na kwamba hatuligusi. Aliitazama filamu kwa muda, akairudisha kwenye bahasha, kisha akaniomba nimwonyeshe kwenye picha mpya upande wa kushoto ni upi.